Pikapu ya Ephantus kwenye Mlima wa Mbaruk

Mwaka wa hamsini na nane, gari lako likiharibika pale Nakuru na mafundi wakashindwa, uliambiwa umpelekee Kiprugut alisikilize. Kulitazama angelitazama baadaye. Kwanza alikuwa anainama juu ya injini inayonguruma, anafumba macho, anainamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyeona mwewe, kisha anasema, "Vali ya tatu," ama, "Hii ni beringi, usiendeshe tena." Wakifungua, wanaikuta ile vali ya tatu imeungua.

Masikio hayo aliyapata utotoni kwenye milima ya Mau, kuelekea Olenguruone, akichunga ng'ombe wa baba yake. Kule ukungu hushuka mpaka mchungaji haoni mkia wa ng'ombe aliye mbele yake, kwa hiyo hujifunza kuwajua kwa pumzi na kwa hatua. Alienda nayo vitani, akafundishwa ufundi kwenye karakana ya jeshi kule Habeshi, kisha akapelekwa Burma. Burma ndiko yalikoanza kufa. Mizinga ilipigwa karibu na karakana yao msimu mzima wa mvua, na jioni mafundi walikuwa wanapigana makofi masikioni na kucheka kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake. Wengine walipona. Kiprugut alirudi nyumbani na mlio mdogo wa nyenje kwenye sikio la kushoto, naye hakumwambia mtu.

Miaka ikaenda. Sikio la kushoto likazima, la kulia likafuata polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Kufikia mwaka huo ninaousema, alikuwa anasikia ngurumo tu, na hata hiyo kama mtu aliye chini ya maji. Kazini alijiokoa kwa bisibisi. Aliiweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa taya, na mtikisiko ukamweleza sehemu ya yale ambayo masikio yalikuwa yakimweleza zamani. Watu waliona ni ujuzi wa fundi mkubwa, wakamwiga. Penye watu aliangalia midomo, na wenzake wakicheka, alicheka. Nyumbani kwao, mtaa wa Bondeni, kwenye vyumba viwili alivyokaa na mkewe Jelagat na watoto, aliona mambo yalikuwa rahisi kidogo. Watoto walikuwa na adabu. Walikuwa wanakuja mbele yake kabla ya kusema neno. Alimshukuru Mungu kwa hilo, akaamini siri yake iko salama.

Sasa kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Ephantus, mtu mnene wa kucheka sana, aliyekuwa ananunua viazi na kabichi huko Mau na kuvipeleka Nairobi kwa pikapu yake. Vibali vya kusafiri vya wakati wa hali ya hatari vilikuwa vimeanza kulegezwa, na biashara ilikuwa inaamka. Shida yake ilikuwa ni ule mpando wa kutoka Mai Mahiu. Malori yalikuwa yanampita pale, yanafika sokoni kabla yake, na kabichi zake zinakuta wateja wameshanunua. Akaileta pikapu kwenye gereji ya Bwana Mohinder, alikofanya kazi Kiprugut, akaomba iongezwe nguvu.

Kazi hiyo aliifanya Nyongesa, fundi wa makamo, hodari, mwenye haraka. Alifanya mambo matatu. Alifungua kichwa cha injini akakipeleka kikwanguliwe kwenye mashine, chuma kipungue, ili hewa na petroli zibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Akatoa kabureta, akaweka nyingine kubwa iliyotoka kwenye lori bovu. Mwisho akalitoa bomba la moshi pamoja na kopo lake linalomeza kelele, akaliweka kando, akafunga jingine lililonyooka. Alipomaliza aliwaita watu wote uani.

Akakanyaga mafuta. Kiprugut aliona njiwa wakiruka kutoka kwenye mabati. Akaona mama mmoja barabarani akishika kifua, na Ephantus akifungua mdomo kwa kicheko na kupiga makofi. Miguuni mwake alihisi ardhi ikitetema. Zaidi ya hapo, hakuna.

"Mzee!" Nyongesa alimgeukia, uso unang'aa kwa jasho na furaha. "Wasemaje? Imepata nguvu ama haijapata?"

Wote wakamwangalia. Bisibisi ilikuwa mfukoni, lakini angeitoaje mbele ya injini ambayo hata viziwi, kwa vile walivyoona wao, wangeisikia?

"Imepata," akasema Kiprugut.

"Basi imekwisha!" akasema Ephantus. Midomo yake ilikuwa minene na mipole, rahisi kusomeka. "Kama Kiprugut mwenyewe amesema, basi wiki ijayo naongeza magunia. Naijaza mpaka juu, tuone nani atanipita Mai Mahiu."

Neno lile halikumwacha Kiprugut mchana kutwa. Ule mpando aliujua. Aliwahi kwenda pale kuvuta gari lililoishiwa nguvu kwenye kona likiwa limejaa, likarudi nyuma, na aliyekuwa ndani hakutoka. Sasa mtu mwenye mke na watoto alikuwa anakwenda kujaza magunia kwa sababu ya neno "imepata," na aliyelisema hakujua kama imepata au haijapata.

Jioni alimfuata Ephantus sokoni.

"Usiongeze magunia kwanza," alimwambia. "Niachie hiyo gari Jumapili, nikaipime."

"Kuipima? Si umeisikia?"

"Watu wameisikia. Mimi nataka kuiona."

Ephantus alicheka, lakini hakukataa. Alikuwa mtu wa kanisa, na Jumapili gari lake lilikuwa halitembei.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Kiprugut alijaza magunia ya mchanga, mazito kama mzigo wa kawaida wa Ephantus, akamwomba Jelagat aende naye. Alihitaji macho mengine ya kuangalia mshale wa spidi, na Jelagat alikuwa anazijua tarakimu tangu darasa la ubatizo. Mwanamke huyu alikuwa mwembamba, mtulivu, mwuza maziwa, wa kupima neno kabla ya kulitoa. Binti yao mkubwa, Chelagat, alibaki na wadogo zake. Jelagat akapanda na kikapu cha magunzi ya mahindi mapajani, maana ndivyo alivyoagizwa.

Walitoka Nakuru kwa barabara ya Nairobi mpaka chini ya mlima wa Mbaruk. Kiprugut akasimama, akamweleza.

"Kwenye hilo daraja dogo tutafika na spidi arobaini. Kutoka hapo nakanyaga mpaka chini, sibadilishi gia, sitoi mguu. Mlima utaanza kula spidi. Ukiona mshale umeshuka mpaka ishirini, tupa gunzi dirishani."

"Na kama ina nguvu?"

"Gunzi litaanguka mbali zaidi."

Walipanda. Jelagat akatupa gunzi. Walirudi chini, wakapanda tena, akatupa la pili. Kisha waliegesha, wakatembea kuyatafuta kwenye majani ya kando ya barabara, wakayaona. Kati ya magunzi hayo mawili kulikuwa na nafasi ya kuingia kanisa zima.

Kiprugut alikunja uso. Jelagat akasimama mbele yake, gunzi mkononi.

"Umebadilisha kitu hapo katikati?"

"Sijabadilisha."

"Basi nani amelisogeza hili?"

Kiprugut alitazama majani yalivyokuwa yakilala. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Elmenteita, mara unakuja, mara unatulia. Na injini mara ya kwanza ilikuwa haijapata moto vizuri.

"Ng'ombe wangu akinipa vikombe viwili zaidi asubuhi moja," Jelagat akasema, "siendi kumshukuru mwenye kuuza chumvi. Nangoja nione wiki nzima. Pengine amelala vizuri tu."

Kiprugut alimwangalia mkewe. Katika miaka yake yote ya ufundi, jeshini na gerejini, hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo wazi namna hiyo. Kitu kikiwa kinacheza chenyewe, lazima kwanza ujue kinacheza kiasi gani. Ukibadilisha sehemu moja na gunzi lisogee kidogo kuliko linavyosogea lenyewe, hujaongeza kitu. Wakakubaliana wapande mara nyingi kwa kila badiliko, na wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Wakapanda tena, na tena. Ilikuwa kwenye mojawapo ya safari hizo, Kiprugut akiwa ameinamia usukani, akili yote iko kwenye mguu wake wa kulia, ndipo alipohisi mkono wa Jelagat juu ya goti lake. Mkono ulibana mara mbili, kwa nguvu, halafu kidole kikaonyesha kushoto. Hakufikiri. Alivuta usukani kushoto, na papo hapo lori kubwa lililokuwa nyuma yao likapita upande wa kulia karibu kugusa kioo, utingo wake ametoa kichwa nje, mdomo wazi, anatukana. Kumbe pikapu ilikuwa imehamia katikati ya barabara.

Alifika juu, akaegesha, akazima injini.

"Alipiga honi?" akauliza mwishowe.

Jelagat aligeuka kitini mpaka uso wake ukamwelekea wote. "Sana. Hata wale punda kule chini wamekimbia."

Kule bondeni ziwa Elmenteita lilikuwa limelala, kingo zake zimekuwa za waridi kwa makundi ya ndege heroe. Mkono ule wa gotini haukuwa mkono wa mtu aliyeshtuka. Ulikuwa umejiandaa. Ulijua kwamba kupiga kelele hakutasaidia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Kipkemei azaliwe."

Kipkemei, kitinda mimba wao, sasa alikuwa anaweza kuchunga mbuzi wa jirani.

"Usiku mmoja alilia," Jelagat akaendelea, polepole, ili midomo yake ionekane. "Alilia mpaka akawa mwekundu. Ulikuwa umelala umemwelekea, uso wako na wake hivi, karibu kugusana. Ulikuwa unatabasamu usingizini. Nikajua."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Mambo mengi yalianza kujipanga kichwani mwa Kiprugut. Taa ya nyumbani ilikuwa haiwekwi tena kwenye rafu. Ilikuwa inawekwa mezani, katikati, penye kumulika nyuso. Jelagat alikuwa ameacha kumwita akiwa nyuma yake. Mgeni akibisha hodi, kila mara palikuwa na mtoto wa kuinuka na kumgusa baba begani. Na ile adabu ya watoto, ya kuja mbele kabla ya kunena!

"Uliwafundisha," akasema.

"Niliwaambia baba yenu hapendi kuongeleshwa kisogo."

Kiprugut alifuta macho kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi shavuni. "Niliogopa, Mama Chelagat. Watu wananiletea magari kwa ajili ya masikio. Nikawaza, na wewe siku ukijua..."

"Ningetaka masikio ningeolewa na sungura."

Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Jelagat alimmiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu, akamfuta shavu kwa ncha ya leso yake.

"Niambie ukweli," Kiprugut akasema baada ya kunywa. "Sauti yangu bado iko sawa?"

"Nyumbani iko sawa. Kanisani unaimba kama mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Mchungaji ameshazoea."

Walikaa pale mpaka moyo wake ukatulia, halafu wakarudi kazini. Kando ya barabara Kiprugut alifungua ile kabureta kubwa, akarudisha ya zamani, na ndani yake akaweka kijichuma chenye kijitundu cha petroli kilicho chembamba kuliko cha kiwandani. Alikuwa amejifunza hilo kwenye milima ya Habeshi. Nyanda za juu hewa ni chache, na injini ukiipa petroli inayozidi hewa yake, inasongwa kama mtoto anayelishwa uji kwa haraka. Jelagat aliyapaka masizi magunzi ya zamu hii ili yasichanganyike na yale meupe. Yalianguka mbali, mbele kabisa ya meupe yote. Kisha Kiprugut alifunga bomba la zamani na kopo lake. Jelagat akayafunga magunzi uzi. Haya yalianguka katikati ya yale yenye masizi, mengine mbele, mengine nyuma, huwezi kusema lipi limelishinda lipi.

"Kwa hiyo ile kelele yote..." Jelagat akasema.

"Ilikuwa kelele."

Kilibaki kichwa cha injini. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi, lakini Jumapili iliyofuata Kiprugut aliweka gasketi mbili, moja juu ya nyingine, ili kile kichwa kiinuke kama kilivyokuwa zamani. Wakapanda Mbaruk. Magunzi yalirudi nyuma sana, mpaka karibu na kalvati ambapo Ephantus alisema siku zote alikuwa analazimika kubadilisha gia. Hapo Kiprugut alipata jibu lake, akaitoa ile gasketi ya pili. Nguvu ilikuwa imeongezeka kweli, kwa kiasi, na iliyoongeza zaidi ilikuwa ile kazi ya Nyongesa ambayo haikuonekana wala kusikika, na ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyemsifia.

Jumatatu asubuhi alimwita Nyongesa nyuma ya gereji, wakiwa wawili tu.

"Siku ile uliniuliza kama imepata nguvu, nikasema imepata," alimwambia. "Nilikudanganya. Sikusikia kitu. Sisikii, Nyongesa. Nina miaka mingi sisikii."

Nyongesa alimkazia macho. Uso wake ulipita mambo mengi, na lililobaki mwisho lilikuwa kama kutua mzigo.

"Mzee," akasema, "mimi nilikuwa nadhani unanidharau. Nakuongelesha tukiwa chini ya gari, hunijibu. Nimefikiria kuacha kazi hapa, nikatafute kwingine."

Kiprugut alisimama pale amepigwa na butwaa. Hakuwa amewahi kuwaza kwamba kimya chake kilikuwa kinasemea mtu mwingine maneno. Alimshika mkono, akamwomba radhi. Kisha alimweleza magunzi yalivyoanguka, na kwamba kile kichwa cha injini kilikuwa kazi safi ya fundi. Kuhusu kabureta, Nyongesa alibisha kidogo, akauliza habari za kile kijitundu, akataka kukiona. Mwisho walikuwa wameinama pamoja juu yake, wanakitazama kwenye mwanga.

Kumwambia Bwana Mohinder kulikuwa kugumu zaidi. Yule Kalasinga mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akageuka kuelekea dirishani, na kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa yakicheza, Kiprugut aliona kwamba anasema kitu kirefu. Alingoja. Ghafla Bwana Mohinder akanyamaza, akajipiga paji la uso, akageuka, akaanza upya yale maneno yote, uso kwa uso. Alisema kuna matrekta mawili yanakuja kesho kutoka Njoro, kwa hiyo wafike mapema, na Nyongesa ahamishie meza yake karibu na ya Kiprugut.

Ephantus alipokuja kuchukua gari, aliisikiliza habari yote ya ule upimaji akikuna kichwa.

"Kwa hiyo imeongezeka ama haijaongezeka?"

"Imeongezeka kidogo," akasema Kiprugut. "Siyo vile ulivyosikia. Ongeza magunia mawili. Usijaze. Na pale Mai Mahiu utaendelea kupitwa na malori, lakini siyo yote."

"Na hili bomba la kelele?"

"Haliongezi kitu. Nikuachie la zamani?"

Ephantus alilitazama lile bomba refu lililonyooka, kwa huzuni ya mtu anayeagana na jogoo wake. "Halipunguzi kitu pia?"

"Halipunguzi."

"Basi lirudishe hilo hilo. Kina mama wa Naivasha wamelizoea kwa siku mbili tu, wakilisikia wanajua nimefika."

Nyongesa alicheka mpaka akakaa chini, na Kiprugut, aliyeona midomo yote vizuri, akacheka kwa wakati ule ule na mwenzake.

Ephantus aliongeza magunia mawili. Alipanda Mai Mahiu wiki ile na wiki zilizofuata, akarudi kila mara, na kelele yake ilikuwa inatangulia kufika Bondeni kabla yake. Kiprugut aliendelea na kazi. Magari yaliyohitaji masikio, Nyongesa aliyasikiliza akamweleza, na wakati mwingine walibishana kwa vidole na chaki sakafuni. Ile ngurumo ya chini ya maji nayo ilizimika kabla ya mwaka wa hamsini na tisa kwisha, asubuhi moja ya kawaida, akiwa ananyoa ndevu.

Nyumbani hapakubadilika mengi, ila sasa hakuna aliyejificha. Watoto walitengeneza ishara zao, nyingine za matusi kidogo, ambazo mama yao alijifanya hazioni. Na mke wa Ephantus, Rahab, aliyekuwa akifika kununua maziwa jioni, alipenda kuwasimulia wenzake kisimani kwamba hajaona watu waliooana miaka mingi namna ile wakikamatana mikono, wakageuziana nyuso na kutazamana machoni kama wachumba, kwa sababu tu mmoja anataka chumvi.